Kinywa cha Bi Mwanahawa

Mjini Tabora, Bi Mwanahawa alijulikana kwa meno kabla hajajulikana kwa jina. Aliuza miswaki ya mti pale sokoni, na hakuwa na haja ya kupigia mtu kelele. Alicheka tu, mteja akasimama, akanunua. Mimi Apolinaria niliuza karanga kwenye mkeka uliopakana na wake, na nasema bila wivu, au kwa wivu kidogo tu, kwamba sijaona tena kinywa kama kile.

Babu yake alitoka pwani na msafara, amebeba mzigo wa shanga kichwani. Alipofika hapa miguu ikavimba, wenzake wakaendelea Ujiji, yeye akabaki, akaoa. Mwanahawa husema ukoo wao ni wa waungwana wa pwani. Mimi husema ni ukoo wa miguu mibovu. Tulikuwa tukitaniana hivyo kila asubuhi, Mwislamu wa mtaa wa Gongoni na Mkatoliki wa kijiji cha Goweko, na siku asiponitania nilijua anaumwa.

Vita vya Burma vilipokwisha, Mhindi mmoja mwenye duka karibu na stesheni akaleta burashi za meno. Zilikuwa na mpini wa mfupa na nywele nyeupe, ngumu. Makarani walizigombania. Mtu aliyevaa tai hawezi kuonekana anatafuna kijiti, eti ni ushamba. Miswaki ya Mwanahawa ikakaa mpaka ikakauka, na yeye akaacha kucheka, maana alicheka kwa ajili ya nani?

Ndipo karani mmoja alipomwambia, kwa utani tu, kwamba nywele zile hutoka mgongoni mwa nguruwe wa Ulaya. Masikini karani yule, hakujua amempa nani kisu! Mwanahawa alikunja mkeka saa ile ile, akanivuta mkono twende kwa Mwalimu Selemani, aliyesomesha watoto Kurani na ambaye mtaa mzima ulimwuliza mambo ya dini. Mwalimu mwenyewe alibakiwa na meno matatu, basi suala lile halikumgusa sana.

"Shikamoo, mwalimu. Burashi ya yule mnyama ni halali?"

"Marahaba, binti. Burashi hailiwi," akajibu Mwalimu, akitaka kurudi kulala. "Kisicholiwa hakiulizwi kama kilichinjwa."

"Hailiwi, lakini inatafunwa! Inaingia kinywani, inasuguliwa, inalowa mate. Mate yale yanakwenda wapi, mwalimu? Si yanamezwa?"

Mwalimu akafikiri. Akafungua kitabu, akafunga. Mwisho akasema kama ni nywele za mnyama yule kweli, basi ni najisi nzito, na kinywa kilichoguswa kioshwe mara saba, mara moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo.

Mwanahawa alihitaji neno lile "udongo" tu. Hilo "kama" alilisahau njiani. Kufikia alasiri soko zima lilijua kwamba mwenye burashi atakula udongo. Wanaume walizificha, wengine wakazigeuza za kung'arishia viatu, na cherehani za mafundi wa Gongoni hazijawahi kupigwa burashi vizuri kama mwezi ule. Miswaki ya mti ikanunuliwa hata na watu wasio na meno. Alicheka mpaka nikamwambia afunge mdomo, nzi wataingia.

Sasa sikieni. Katika furaha hiyo akaja mposaji.

Aliitwa Shaban, mzaliwa wa hapa hapa, koplo, mpishi wa jeshi, amerudi kutoka Burma na sanduku la bati na sauti ya kuamuru. Alimjua Mwanahawa tangu ujana, akachelewa kumposa, akaozwa mke mwingine. Sasa mwingine yule alikuwa amefariki, na mume wa Mwanahawa vilevile. Alipita sokoni mara ya kwanza akanunua mswaki. Akapita tena, akanunua mwingine. Nikamwambia Mwanahawa, "Huyu mtu ana kinywa kimoja tu, hiyo miswaki yote anapeleka wapi?" Akainamisha kichwa. Mwanamke wa makamo, mjane wa miaka mingi, ameona haya kama mwari! Alimpenda. Hakuniambia, lakini siku hizo alinipunjia hata matusi.

Posa ikapelekwa, kaka yake Mwanahawa, Abasi mshona kofia, akaipokea. Abasi ndiye aliyekuwa walii wake. Bila yeye hakuna ndoa.

Asubuhi ya pili yake, Shaban akaenda bombani kunawa, sanduku lake mkononi. Miswaki yote aliyonunua, kumbe, alikuwa ameifunga kwa uzi na kuitundika ukutani kama kumbukumbu. Akafungua sanduku la bati kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akatoa burashi, akasugua meno mbele ya mtaa mzima mpaka povu likamfika kidevuni. Jeshini ndivyo walivyofundishwa. Alipomaliza akaifuta, akairudisha sandukuni, akafunga.

Wanawake waliokuwa bombani waliacha ndoo zao.

Abasi akasema maneno mafupi: hamwozeshi dada yake kwa kinywa chenye najisi. Hukumu ilitolewa na Mwalimu, na aliyeililia ni Mwanahawa mwenyewe. Ama kweli mchimba kisima huingia mwenyewe.

Tukarudi kwa Mwalimu Selemani. Safari hii Mwanahawa alitembea taratibu.

"Mwalimu, si ulisema burashi hailiwi?"

"Na wewe ukaniuliza mate yanakwenda wapi."

"Shaban hamezi, mwalimu! Anatema! Mtaa mzima umemwona, anatema mpaka barabarani!"

Mwalimu alicheka mpaka meno yote matatu yakaonekana. Akasema jambo hili linategemea kitu kimoja, nywele zile ni za nani. Zikiwa za farasi au za ng'ombe, watu wakale pilau. Lakini nani Gongoni anamjua mnyama yule kwa karibu? Wote wawili wakanigeukia mimi.

Ndiyo hivyo: kwa mara ya kwanza tangu Tabora iwe mji, Mkatoliki aliitwa kuamua najisi ya Waislamu, kwa sababu kaka yangu Bernardo anafuga nguruwe Goweko. Nilijitetea. Niliwaambia mimi nguruwe namjua akiwa sufuriani, nywele tunazikwangua na maji ya moto, nani anazitazama? Hawakunisikia. Shaban akaitwa, akaleta burashi, amenuna. Mwanahawa alinikazia macho yale ya mtu anayeomba kwa kutishia.

Nikaishika, nikapitisha kidole. Nikaona mgongo wa dume la Bernardo.

Ningeweza kusema ni farasi. Lakini nimelelewa na mapadre, na shahidi wa uongo anajulikana mwisho wake. "Ni yeye," nikasema. Mwanahawa hakunitukana, na hapo ndipo nilipojua nimemuumiza.

Mwalimu akaamua Shaban aoshwe kinywa mara saba mbele ya watu, ndipo Abasi aoze. Ijumaa baada ya sala watu wakajaa uani kwa Abasi. Hata waliokuwa na jamaa wagonjwa walikuja. Mtungi wa maji uliwekwa, na bakuli la udongo mwekundu uliokorogwa. Mwalimu akamwita Shaban.

Shaban akalitazama bakuli. Akawatazama wanawake waliojaa ukutani, wengine wamekwisha kujifunika kanga mdomoni kwa kicheko.

"Nimelala kwenye matope Burma," akasema. "Nimepikia watu kwenye matope. Sitakuja kuyasukutua Gongoni, mimi peke yangu, nichekwe kama tumbili. Bi Mwanahawa, unisamehe."

Akaokota sanduku lake. Garimoshi la Kigoma lilikuwa linaondoka jioni ile, na alikuwa mtu wa kusema na kutenda. Alifika mlangoni.

"Mwalimu," akasema Mwanahawa. "Mimi pia nimeitumia burashi ile."

Abasi akasema, "Unasemaje?"

"Nimeitia kinywani. Siku nyingi. Mnaona meno haya mnayoyasifu?"

Nilitaka kumziba mdomo. Meno yale ndiyo yaliyokuwa duka lake! Nani atanunua tena kijiti kwa mwanamke anayetumia burashi ya nguruwe kwa siri? Nilisikia wateja wake wakiguna ukutani mmoja mmoja. Yeye hakuwatazama. Alipiga magoti, akachota udongo kwa kiganja, akatia kinywani, akasukutua, akatema. Meno yakawa mekundu. Akaendelea na maji safi, Mwalimu akimhesabia, mpaka zikatimia saba. Wanawake walicheka hadi wengine wakakaa chini. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya kanga, akageukia mlangoni.

"Haya, koplo. Hutakuwa peke yako."

Katika ua ule wote, mtu mmoja tu alijua kwa hakika kwamba Mwanahawa amesema uongo, na huyo ndiye aliyevaa ufunguo shingoni. Shaban alisimama pale akimtazama, na sauti yake ya kuamuru sijui ilikwenda wapi. Akaweka sanduku chini. Akaja akapiga magoti kando yake, akalipokea bakuli, na udongo uliobaki akautia kinywani wote.