Bilauri Zilipolia Kabatini

Juzi bilauri ziligongana kabatini, na mjukuu wangu akanieleza kwa upole kwamba mabara yanaposukumana huko mbali na kuinua milima, mwamba wa huku kwetu nao huweza kupasuka. Nilimsikiliza, lakini mkono wangu ulikuwa umeshashika birika.

Baba alikuwa dereva wa jeshi. Katika nyumba zetu za askari pale Nakawa, bilauri zililia hivyo lori lake lilipoingia getini, na Mama hakungoja hodi. Alimimina chai kwenye kopo kubwa la Baba. Kisha siku moja askari wenzake walikuja kumchukua kwa gari dogo lisilotikisa kitu, na kabati likanyamaza.

Mchana mmoja, nyumba ikinukia chai ya tangawizi, bilauri zikalia kuliko siku zote. Mama akatoa sukari aliyoificha ndani ya mto wa kulalia, maana mjini ilikuwa imeadimika, akaikoroga yote. Nikakimbia nje. Majirani walikuwa wamejaa uwanjani, pekupeku, wengine na povu la sabuni mwilini, nami nikaamini wametoka kumpokea Baba. Nikapiga vigelegele.

Mama akatoka na kopo, akitazama geti.

"Ni tetemeko tu, Mama Zaina," jirani yetu alimwambia, akimshika bega. "Limeshapita. Tumshukuru Mungu."

Mama alisimama pale mpaka mvuke ukaisha. Kisha akaniinamia, akanipa kopo la Baba.

Nilikunywa yote. Ilikuwa tamu sana, na nikaomba nyingine.