Jembe Mkononi mwa Mtemi

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za kwanza, mwanangu, ardhi imelowa mpaka ukikanyaga mguu unazama, na kijiji kizima kimekaa nyumbani kimekunja mikono. Hakuna aliyekuwa shambani. Hakuna! Kumbikumbi wanaruka, magugu yanaota kwa raha zao, na sisi wakulima tumekaa tunatazamana kama watu walio msibani.

Juzi ulinisomea kitabu chako cha historia, ukaniuliza, "Bibi, ni tukio gani hasa liligeuza nchi yetu?" Ukanitajia vita vya Wajerumani, vita vya Uganda, na siku bendera ilipopandishwa. Yote ni kweli, na uyaandike hivyo hivyo, usije ukafeli ukasema bibi ndiye aliyekuponza. Lakini mageuzi niliyoyaona mimi kwa macho yangu hayakuwa na mzinga hata mmoja. Yalikuwa na jembe, na jembe lenyewe lilikuwa langu.

Nilikuwa nimeolewa majuzi tu, huku huku upande wa Kinyangiri, kwa babu yako Msengi. Baba yake alikuwa mtemi. Usinitolee macho! Hakuwa mtemi mkubwa wa kuitwa bomani kupigwa picha na wazungu. Alikuwa mtemi mdogo wa vilima vyetu hivi, na kwetu alitosha. Jina lake sikutajii. Mkwe hatajwi jina hata akiwa kaburini, na mimi sitaanza leo. Nitamwita Mzee.

Kwa mila zetu hakuna aliyepanda kabla mbegu haijatoka kwa mtemi. Mvua zikianza, kila nyumba ilituma mtu na kibuyu, Mzee anamtilia konzi ya mbegu alizoziombea, naye anakwenda kuichanganya na mbegu za kwao. Ndipo watu wanainua majembe. Na kulikuwa na mwiko mwingine mkubwa kuliko huo: mtemi mwenyewe hashiki jembe. Shamba lake analimiwa na watu wote. Walisema mkono wa mtemi ukigusa mpini, mvua inakimbia na nchi inakauka. Mzee alikuwa na mvi kichwa kizima na hajawahi kulima hata tuta moja.

Basi uhuru ukaja, tukacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Baada ya muda serikali yetu wenyewe ikasema utemi sasa basi, watemi wawe wananchi kama wananchi wengine. Kijijini akawekwa mwenyekiti, kijana anaitwa Kitundu, mtoto wa hapa hapa, aliyekwenda Tanga kukata mkonge akarudi na baiskeli na maneno mengi. Hakuwa mtu mbaya. Maneno tu ndiyo yalizidi.

Mvua iliponyesha, Kitundu akazunguka na ile baiskeli, tope linamkamata, anashuka anaibeba begani, nyumba hadi nyumba: "Ndugu zangu, pandeni! Serikali imesema pandeni!" Watu wanamjibu vizuri kabisa, "Ndiyo, ndugu mwenyekiti, tumesikia." Akigeuza mgongo, wanakaa tena. Mbegu ya mtemi haijatoka, na mtemi hayupo, ameshafutwa. Sasa nani athubutu kupanda? Najua unataka kusema ni ujinga. Sema tu. Lakini desturi hiyo ndiyo iliyowalisha baba zetu na babu zetu, wala hatukuwa tayari kuiacha kwa kuambiwa na mtu wa baiskeli.

Na huku kwetu, mwanangu, mvua haibembelezi mtu. Msimu ni mmoja. Ukichelewa kupanda, uwele unakaukia njiani, na mwaka unaofuata unachimba mizizi porini. Mimi nilikuwa na mimba ya baba yako. Nilikuwa naogopa njaa, naogopa kweli kweli.

Na njaa haikuwa peke yake. Babu yako ndiye aliyetarajiwa kurithi kiti cha Mzee. Vijana wa rika lake wakawa wanakuja nyumbani jioni, wanakaa kando ya zizi, wanapaka mishale sumu. Wanasema tumtimue Kitundu, akikataa tumchome mshale, Mzee arudi kitini, mbegu itoke, watu wapande. Kwao lilikuwa jambo jepesi. Mimi nilijua mshale mmoja ukitoka tu, askari watakuja na bunduki kutoka Singida, na mume wangu ndiye atakayeanguka wa kwanza. Nikamwambia. Akanijibu, "Wewe ni mwanamke, kapike." Nikaenda kupika. Ugali wa siku hiyo niliuacha mbichi makusudi, akaula hivyo hivyo kimya.

Sasa, asubuhi hiyo ninayokwambia, Kitundu akaja kwetu kwa miguu, peke yake. Vijana wakasimama, pinde mkononi, Msengi mbele yao. Kitundu akapita katikati yao. Jasho linamtiririka, lakini akapita. Akafika mbele ya Mzee aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake, akavua kofia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu, mwenyekiti."

Ee! Kumwita mwenyekiti, mbele ya watu wote! Nikamwona Msengi amekunja uso.

"Mzee, nimeshindwa," Kitundu akasema. "Watu hawapandi, wanakusubiri wewe. Nikikuomba utoe mbegu, nitakuwa nimekurudisha kitini, na sikutumwa hivyo. Nisipokuomba, watoto watakufa njaa. Sijui nifanye nini. Nimekuja uniambie."

Tangu siku hiyo nilimheshimu Kitundu. Mtu mwenye serikali nyuma yake kusema hajui, tena mbele ya pinde, si kitu kidogo.

Hebu fikiria Mzee alivyokuwa amekaa pale. Angetikisa kichwa tu kuelekea zizini, vijana wangemaliza kazi. Angetoa konzi zake za mbegu, wanawake wangepiga vigelele, na baada ya siku chache serikali ingekuja kumchukua, na hao hao vijana wangemwaga damu kumzuia asichukuliwe. Kila upande kulikuwa na kaburi. Kukaa kimya nako kulikuwa na njaa. Mimi nimejibanza mlangoni na tumbo langu, nasema moyoni, Mungu wangu, huyu mzee atasema nini?

Akauliza swali la ajabu. "Nyumbani kwako kuna mbegu?"

"Zipo za mama yangu. Uwele."

"Kalete."

Kitundu akaondoka karibu anakimbia. Vijana wakaanza kucheka na kupigana mabega, wakidhani Mzee ataziombea mbegu hizo na mambo yatarudi kama zamani. Mzee akamgeukia mama mkwe wangu, akamwambia, "Mwambie binti alete jembe lake."

"Jembe la nini?"

"La kulimia. Kwani kuna jembe la kupikia?"

Mimi, kama mkwe, sikuwa na ruhusa ya kumpa Mzee kitu mkononi wala kumtazama usoni. Nikalileta, nikalilaza chini mbele yake, nikarudi nyuma nimeinamisha kichwa. Watu walishaanza kujaa uani. Mzee akalichukua kwa kichwa chake cha chuma, mpini bado unaburuzika, akaanza kwenda shambani mbele ya nyumba. Msengi akatoka mbio akamzibia njia.

"Baba! Ukishika hilo jembe, mimi nitakuwa nani?"

Sauti ilimkatika katikati. Siku zote hizo nilidhani mume wangu ana hasira, kumbe ana hofu. Nilimhurumia sana, nikajuta hata ule ugali.

"Utakuwa Msengi," Mzee akasema. "Watu wote hawa unaowaona wanaishi na majina yao tu, na hawajafa."

"Na mvua ikikimbia?"

Mzee akapandisha sauti ili hata wa nyuma wasikie. "Mvua ikikimbia, mtanilaumu mimi. Msimlaumu Kitundu, msimlaumu mtoto wa mtu. Mimi ndiye nitakayekuwa nimeikimbiza. Mmesikia?"

Akampita mwanawe, akashika mpini, akainua jembe.

Lo, mwanangu! Alivyolima vibaya! Aliinua jembe kama anaua nyoka, likashuka pembeni ya kidole gumba cha mguu, bado kidogo tu. Mama mkwe akapiga kelele, "Utajikata mguu, mzee wewe, nani atakuuguza!" Akainua tena, udongo ukamrukia ndevuni. Wanawake wanaziba midomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Na mimi, sijui nini kilinipata, nikasahau ukwe wangu wote, nikasema kwa sauti, "Shusha mkono wa mbele kidogo, baba, uache jembe lianguke lenyewe!"

Mkwe amemsemesha mkwe, tena amemfundisha! Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akasimama, akashusha mkono wa mbele kidogo, akaliacha jembe lianguke lenyewe. Likaingia vizuri. Akasema, "Ahsante, binti," akaendelea.

Kitundu aliporudi na kibuyu cha mama yake alimkuta Mzee kifua wazi, amelowa jasho, na kamba moja ya shamba, mstari mmoja tu, imepinda lakini imelimwa. Mzee akafungua mkono wake wenye malengelenge, akasema, "Nitilie." Kitundu akamtilia mbegu. Kwa miaka yote watu ndio waliokuja kukinga mikono kwake. Siku hiyo alikinga yeye. Hakuziombea, hakuzitemea mate ya baraka, hakusema neno. Akazipanda tu. Basi mama mmoja mjane, jirani yetu, akasema kwa nguvu, "Haya, mtemi analima, mimi hapa nangoja nini?" Akashika njia ya shambani kwake. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wengine wakiwa na wasiwasi, wengine wakicheka. Kufikia jua la utosi uani tulibaki sisi wa nyumbani na vijana wa pinde.

Ingekuwa hadithi, ningekwambia mvua ilinyesha pale pale. Haikunyesha. Jua likawaka siku moja, ikaja nyingine, na nyingine, ardhi ikaanza kupasuka juu. Watu wakawa wanatazama mbingu, halafu wanatazama nyumba yetu. Mzee kila asubuhi anatoka na jembe langu, anaongeza kamba yake. Nilimwona amekonda. Usiku wa mtu aliyesema nilaumuni mimi hauna usingizi, hilo aliniambia mama mkwe.

Ndipo vijana wakarudi na mishale, safari hii bila kujificha. "Umeona, Msengi? Nchi imekauka. Twende tukammalize Kitundu, tumrudishe Mzee kitini kabla mbegu hazijafia ardhini." Nilikuwa nasaga, nikaliacha jiwe. Babu yako alikuwa ameegemea ua wa zizi na upinde wake begani. Nikajua ni hapa, atakalosema sasa ndilo litakaloniacha mke au mjane.

Akasema, "Baba alituambia tumlaumu yeye. Yuko kule analima. Haya, nani ataanza kumpiga mshale?"

Wakatazamana.

"Nauliza. Maana mkimpita yeye mkaenda kwa Kitundu, mtakuwa hamumtaki mtemi. Mnataka damu tu."

Hakuna aliyesogea. Msengi akautoa upinde begani, akautundika kwenye mti wa ua, akaenda shambani. Nilimwona akimshika baba yake mkono, akampokea lile jembe taratibu, akaendelea pale pale Mzee alipoishia. Mzee akakaa chini kwenye tuta, akafunika uso kwa viganja. Mimi nililia waziwazi, sikujali nani ananiona. Vijana wakasimama kidogo, wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na wawili kati yao nikawaona wanaingia shambani.

Mvua ilirudi baadaye, kwa kuwa ulikuwa msimu wake. Uwele haukuwa mwingi mwaka ule, lakini ulitosha, na baba yako alizaliwa nyumba ina chakula. Hakuna askari aliyekuja kutoka Singida. Hakuna aliyeandika habari hiyo popote, kwa sababu hakuna aliyekufa.

Sasa nisikilize vizuri. Nchi hugeuka pale mtu mwenye uwezo wa kupiga anapokataa kupiga, na akakubali lawama ziwe zake. Wewe ni kijana, una kichwa chepesi, na huenda siku moja ukapewa cheo. Ukipewa, kitumie kulisha watu. Siku ukiambiwa kimekwisha, usingoje kuburuzwa, wala usiwaache vijana wa watu wakafie kiti chako. Kiweke chini mwenyewe, mchana, watu wakiona, hata kama mikono yako itatoka malengelenge na watu watakucheka. Na ukiwa upande wa Kitundu, umeshinda na serikali iko nyuma yako, vua kofia, umsalimie shikamoo uliyemshinda. Na ukiwa upande wa Msengi, unaogopa kubaki na jina lako tu, usiogope. Jina lako linatosha kuishi nalo, babu yako aliishi nalo mpaka akazeeka na hakupungukiwa kitu.

Mungu akupe mkono wa kushika na mkono wa kuachia, mwanangu. Akupe msimu wa mvua katika kila unachopanda, na watu wa kukuambia ukweli unaposhika vibaya. Ukawazike wazee wako kwa amani, na watoto wako wasijue kabisa harufu ya damu ya jirani.

Nenda sasa, ng'ombe wanarudi.