Nilimpa Mama Jua la Chupa

Nilimnyang'anya mama yangu mzazi maji mdomoni. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitajitetea.

Nilimkuta chooni amekaa chini kwenye sementi, kanga imelowa, ameshika kopo la kutawadhia kwa mikono miwili. Anakunywa. Mama yangu huyu, aliyekuwa hanywi maji mpaka aone glasi imesuuzwa mbele yake, anakunywa maji ya kopo la chooni. Nikalivuta, akaling'ang'ania. Nikavuta kwa nguvu, kopo likakwaruza sementi, maji yote yakamwagika. Akaniinulia macho, akasema taratibu, "Nisamehe bibi. Nilikuwa na kiu."

Aliniita bibi, kama mtumishi anayemwomba radhi mwenye nyumba. Hakujua kuwa ni mimi mwanawe.

Jamani, sauti ya lile kopo kwenye sementi naisikia mpaka leo. Nakuna nazi, naisikia. Nasali, naisikia.

Sasa niseme ilivyokuwa. Mimi ni mwanamke wa hapa Dunda, nimepita hamsini, shule niliishia njiani. Baba alipofariki, Mama alikaa eda nyumbani kwangu. Kwetu mjane akiwa edani hatoki ovyo, na Mama hata kabla ya hapo alikuwa mtu wa ndani. Kidogo kidogo miguu ikaanza kumuuma mpaka kwenye mifupa. Akirukuu anashindwa kuinuka, ikabidi aswali amekaa kitini.

Nikampeleka hospitali, maana kwenda kutibiwa hakuvunji eda. Wakampima damu. Daktari, msichana mdogo tu, akasema mwili wa Mama umepungukiwa vitamini D, ile tunayopata kwa jua, na wazee wengi wanaokaa ndani wako hivyo. Akampa vidonge, kimoja kwa wiki, na akasisitiza ni kimoja kwa wiki. Halafu akasema asubuhi nimkalishe uani, mikono na miguu ipate jua kidogo, na vidonge vikiisha turudi apimwe tena.

Dawa nyepesi namna hiyo. Lakini nyuma ya uani kwetu kulikuwa kunajengwa ghorofa, mafundi wako juu ya kuta kutwa nzima wanatazama chini. Shangazi Aziza, dada yake Baba, aliposikia habari ya jua akanijia juu. "Mjane wa kaka yangu aanikwe kama kanzu mbele ya mafundi? Hata arobaini ya marehemu haijapita!"

Ningeweza kutundika shuka. Kamba ilikuwepo, shuka zilikuwepo. Ningeweza kumuuliza shehe, na baadaye nilipomuuliza akanishangaa, akasema mjane kukaa uani kwake hakuna ubaya wowote. Lakini wakati ule niliogopa mdomo wa Shangazi kuliko nilivyoogopa mifupa ya Mama. Nikamfungia ndani, na pazia nikashusha.

Hapo ndipo alipoingia Rukia. Namtaja kwa jina lake. Tulicheza pamoja utotoni, siku hizi anauza virutubisho, anatembea navyo kwenye mkoba na mtaani wanamwita daktari. Alikuja kuhani. Akala, akalia, akamshika Mama magoti, kisha akafungua mkoba. Akatoa chupa ya matone mazito kama mafuta, ina maandishi ya kigeni ambayo mimi na yeye hatukuyajua.

Nikamwambia Mama ana vidonge vya hospitali, kimoja kwa wiki. Rukia akacheka. "Shoga, kimoja kwa wiki utamlisha kuku? Hii ni vitamini, siyo dawa. Dawa ndiyo inayozidi. Vitamini mwili ukishiba unaitoa wenyewe."

Nikaona nimepata njia. Jua linaingia ndani, mafundi hawaoni, Shangazi hasemi. Nikawa namtilia Mama kijiko kwenye uji asubuhi na kingine jioni, na vidonge vya hospitali juu yake. Na mimi magoti yalikuwa yananisumbua, nikawa nakunywa pia, ila mara moja moja, nikikumbuka.

Mwanzoni Mama alichangamka. Siku moja aliswali amesimama, nikamtumia Rukia salamu za shukrani kwa kila aliyepita. Naona haya kuyaandika.

Kisha akakataa chakula. Akawa anatapika, choo hapati, na kiu, yarabi, kiu! Anamaliza jagi anaomba jingine, na mkojo ukawa haukatiki. Nikawa nafua shuka kila kukicha. Akaanza kuchanganya maneno, anauliza mbona Baba hajarudi sokoni. Shangazi akasema ni majonzi ya mume. Rukia nikampigia, akasema hizo ni sumu za mwili zinatoka, dalili njema, nisikate, niongeze.

Nikaongeza.

Na kwa kuwa shuka zilinichosha, nikaanza kumpunguzia maji. Jagi nikaliweka juu ya kabati. "Maji, mwanangu," anasema. Mimi namjibu, "Si umekunywa sasa hivi, Mama?" Sauti yangu mwenyewe, ya upole kabisa, kama ya mtu anayefanya wema. Ndivyo alivyofika kwenye lile kopo.

Siku hiyohiyo nikampeleka hospitali. Safari hii tulimkuta daktari mwingine, mwanamume mtu mzima. Akaniuliza, "Nyumbani anatumia dawa gani?"

Nikamjibu, "Hakuna, daktari. Alimaliza vidonge vyenu."

Wallahi sikuona kama nasema uongo. Nilishaambiwa ile siyo dawa, na mimi nikaamini kuwa mtu akiulizwa dawa hataji uji wala chai, sasa atatajaje vitamini? Chupa ilikuwa nyumbani, juu ya kabati, pembeni ya jagi.

Wakamtundikia dripu, wakawa wanatafuta kinachomsumbua. Kesho yake nikiwa nimesimama kando ya kitanda chake nikaanza kutapika mimi. Nikaanguka. Kumbe nami mwilini hali ilikuwa imeharibika, ila nilikuwa najikaza. Wakanipima damu, kalisiamu imepanda. Ya Mama imepanda zaidi. Daktari akaja na majibu yetu wawili mkononi, akauliza, "Nyie wawili mnakula kitu gani ambacho wengine nyumbani hawali?"

Ndipo nikaitaja chupa.

Akasema, "Mama, ungesema jana..." akaishia hapo. Hakumaliza, na mimi sikumwomba amalize. Alinieleza tu kuwa vitamini D yenyewe haina ubaya, wazee wengi inawafaa kwa kipimo chao, lakini ikizidi inajaza kalisiamu kwenye damu mpaka figo zinashindwa. Figo za Mama zilikuwa zimeshashindwa. Mimi nilipona kwa sababu sikuwa na umri wake, na kwa sababu mwenyewe nilikuwa nasahau kunywa. Uvivu wangu ndio ulioniokoa. Yeye sikumsahau hata siku moja.

Mama alifia kule kule, eda yake haijaisha. Jeneza lilipotoka nyumbani, wale mafundi walishuka kwenye kuta bila kuitwa. Wakavua kofia zao za kazi, wakanawa mikono kwenye pipa lao, wakaja kupokezana kumbeba. Nilikuwa nimesimama mlangoni na wanawake wenzangu, nikawaona. Ndio watu ambao kwa sababu yao nilimnyima Mama jua.

Leo figo zangu nusu zinafanya kazi, nusu zinabahatisha. Shangazi Aziza amezeeka, na asubuhi anaota jua uani kwake, miguu ameinyoosha. Nikimpa shikamoo anaitikia, anatazama pembeni.

Wewe unayesoma, kama una mzee nyumbani, usimpe kitu kwa sababu kimeitwa vitamini. Kila anachomeza kibebe mpeleke nacho hospitali, ukitoe mfukoni kabla hujaulizwa. Mzee akisema ana kiu, mpe maji, kisha ujiulize kiu ile imetoka wapi.

Na wewe Rukia. Nilikufuata Chalinze, ulikohamia, una meza yako pale wanapoteremka abiria. Ulinipa kiti. Ukaniambia ni kazi ya Mungu, mbona wengine wamepona, na ukaniomba nipunguze sauti kwa sababu una mteja. Alikuwa mzee mmoja na fimbo yake, anasafiri. Ukamwambia maneno yaleyale uliyoniambia mimi, kwamba haizidi. Mimi nilikaa kwenye kile kiti, sikusema neno, na yeye akapanda basi na chupa.

Hilo ni kosa langu la pili, na silisemi kwa kujivua lawama. Lakini biashara ni yako, na maneno ni yako. Kwangu usije tena kuhani. Nijibu hili moja mbele ya watu: yule mzee alikuwa anakwenda wapi? Kama hujui, funga hiyo meza, panda basi, ukamtafute.