Uchawi ni kwa Kula

Kule Lukole, kambi yetu sisi wakimbizi wa Burundi, tulikuwa na mchezo wa kusimuliana: mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi hiyo, na dadu ndiyo inayoamua kama shoka limempata jitu au limekata hewa. Tulifundishwa na mwalimu mmoja Mtanzania, kwa hiyo tulicheza kwa Kiswahili. Afadhali, maana ningetaja uchawi kwa Kirundi mbele ya mama yangu na rozari yake, ningelala nje.

Kiongozi nilikuwa mimi, na jamani, nilijiona. Lakini mchezo ulikuwa unanifia mikononi. Uchawi ulikuwa umezidi. Naweka mto wenye mamba, rafiki yangu wa hema la jirani anasema, "Naukausha." Naweka ngome, mdogo wangu anapenya ukutani. Safari niliyoipanga wiki nzima inaisha kabla maharage hayajachemka. Siku moja rafiki yangu akaniambia usoni, "Mwenzangu, hapa hatuogopi kitu. Jumamosi ikiwa hivi tena, mimi basi." Akiondoka yeye, mdogo wangu angemfuata, na mimi ningebaki nawasimulia kuku.

Nikatunga sheria ya kura: anayetaka uchawi achomoe kwanza kikaratasi kwenye kopo, na vingi humo ni vitupu. Jumamosi asubuhi nikaiandika kwa herufi kubwa, nikaibandika kwenye turubai. Sasa, sisi wa Kirundi r na l hutuchezea, na mimi nilichoka kuchekwa, kwa hiyo kila r niliyoitilia shaka niliigeuza l. Nikaandika: UCHAWI NI KWA KULA.

Mchana nafika na kopo langu, nawakuta wamekaa na mabakuli ya mahindi na maharage. Huo ndio ulikuwa mlo wa siku. Mwingine mpaka kesho. Rafiki yangu alikuwa hajagusa lake.

"Sheria kali hii," alisema. "Yaani ukiroga, chakula chako wanakula wenzako?"

Nilitaka kusema nimekosea. Nikaona macho yake yanavyowaka, nikaficha kopo mgongoni.

"Ndiyo hivyo," nikasema. "Uchawi unakula."

Tulicheza, bwana wee, tulicheza. Mto ule ule wa mamba, safari hii walikata miti, wakasuka kamba, wakabishana mpaka povu likawatoka kuhusu mahali pa kuvukia. Hakuna aliyethubutu kuroga. Halafu dadu ikaangukia moja, kamba ikakatika, na mpiga mishale wa mdogo wangu, aliyemlea tangu mvua za kwanza, akazama. Mdogo wangu uvumilivu ulikuwa umemshinda zamani. Bakuli lake lilikuwa jeupe. Hakuwa na cha kutoa. Midomo ikaanza kumcheza.

Rafiki yangu aliangalia bakuli lake kwa muda. Kisha akalisukuma katikati.

"Namtoa majini."

Tulipiga kelele mpaka mama akaja kuchungulia. Mdogo wangu alikula huku analia na kucheka, nami nikala, maana sheria ni sheria.

Lakini chakula kile hakikushuka vizuri. Jioni nikamfuata kwao na nusu ya fungu langu niliyobakiza, nikamwambia ukweli: nilikusudia kura, nikakosea kuandika, chukua chakula chako.

Akausukuma mkono wangu.

"Ukinirudishia," akasema, "atakuwa amezama."