Namba Mbili za Nyota Moja

Kila alipotoka nje baada ya chakula cha jioni, Mwalimu Ildefonsi Mwijage alisimama hatua tatu kutoka mlangoni, akavua kofia, akajifunika nayo uso na kusali Salamu Maria kumi. Alikuwa anayazoeza macho giza, na kipimo chake cha muda kilikuwa sala. Alifanya hivyo alipokwenda kutazama nyota, alifanya hivyo alipokwenda chooni, na siku ya matanga ya mama mkwe wake alifanya hivyo mbele ya waombolezaji wote, hata wakadhani analia. Joviana, mkewe, ndiye peke yake aliyejua kuwa halii, na hakuwaambia.

Walikaa juu ya barabara itokayo Kamachumu kuteremkia Muleba, katika kibanja cha migomba na mibuni alichoachiwa na baba yake. Mchana Mwalimu alifundisha hesabu darasa la tano. Usiku alitazama nyota. Kazi hiyo aliipata mwaka mmoja baada ya Uhuru, pale padre mmoja Mholanzi wa Kashozi alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao, akamwachia darubini ndogo ya macho mawili, bahasha ya ramani za anga, na anwani ya chama cha watazamaji huko ng'ambo.

Nyota alizotazama ni zile ziitwazo geugeu, ambazo hung'aa kisha zikafifia, nyingine kwa siku chache, nyingine kwa miezi. Wataalamu wenye darubini kubwa kama nyumba hawawezi kukaa na nyota moja kila usiku, na kwao mawingu ni mengi. Kwa hiyo huwaomba watu wa kawaida wawasaidie kuzilinda. Utazamaji wenyewe hauna miujiza. Unaitafuta nyota yako, unatafuta jirani mmoja aliyeizidi mwanga na jirani mwingine iliyemzidi. Majirani hao wamekwisha kupewa namba. Wewe unaipa yako namba katikati yao, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo nyota ilivyo hafifu. Unaandika siku, saa na namba. Mwisho wa mwezi unatia karatasi kwenye bahasha.

Joviana aliingia kazini kwa njia ya malaria. Mwaka 1968 mumewe alilala siku tisa, na kilichomsumbua kuliko homa ni kurasa tupu. Siku ya tatu alimwambia mkewe aende yeye.

"Mimi najua nini?" aliuliza Joviana.

"Macho unayo. Andika ulichoona, si unachodhani mimi ningeona."

Tangu hapo nyumba ikawa na madaftari mawili, la bwana na la bibi, na sheria moja: hakuna kuulizana mpaka wote wawili wameandika. Mara nyingi walitofautiana kidogo, sehemu mbili za kumi, pengine tatu. Joviana alipotaka kufuta yake ili ilingane na ya Mwalimu, alinyang'anywa kalamu. Namba zote mbili zilisafiri, na mwaka uliofuata kadi ya shukrani ikaja na majina mawili. Kati ya nyota zote Joviana aliipenda ile nyekundu iliyo shingoni mwa kundi ambalo ramani ziliita Nyangumi. Nyangumi mwenyewe hajapata kumwona. Yeye aliliita Kambale. Nyota hiyo hupotea kabisa machoni kwa miezi, kisha ikarudi taratibu mpaka mtoto yeyote akaiona bila darubini.

Ilikuwa inarudi mwaka 1978, mwezi wa kumi ulipokuwa ukiisha na majeshi ya Uganda yakavuka mpaka. Watu wa upande wa Kyaka walikimbia na magodoro vichwani. Ndege zilisikika. Amri ikatoka kwamba taa zizimwe, jiko lifunikwe, hata sigara isiwashwe nje. Kila mtu aliogopa giza lile, isipokuwa mmoja.

Jumapili moja baada ya misa, katikati ya watu waliokuwa wakiulizana habari za ndugu zao, Mwalimu Ildefonsi alisema kwa sauti ya darasani, "Lakini giza hili nalo ni neema. Miaka kumi na sita sijapata kuona anga safi namna hii."

Joviana alimvuta shati. Alikuwa amechelewa. Nathanieli, balozi wao wa nyumba kumi, alikuwa amesimama palepale, na Nathanieli hakuwa mtu wa kusahau neno.

Jumatatu usiku mgambo waliona kidoa chekundu ndani ya migomba. Ilikuwa tochi ya Mwalimu, aliyoifunga kitambaa chekundu ili imwangazie daftari bila kumharibia macho. Jumanne asubuhi walikuja wanne, wakachukua darubini, ramani, madaftari yote mawili, na Mwalimu mwenyewe, wakamfungia katika ghala la kahawa la kijiji.

Mkuu wa mgambo alikuwa Mujuni, mtu mrefu, mpole wa maneno, ambaye kabla ya vita alifanya kazi ya kuonja kahawa kiwandani mjini Bukoba. Joviana alipofika ghalani na ndizi za mchana alimkuta ameketi juu ya gunia la maganda, daftari limefunguka magotini.

"Ma Joviana," alisema bila kuinua kichwa, "hizi namba za tarakimu saba ni za nini?"

"Ni siku, waitu," alijibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Watu wa nyota huhesabu siku tangu zamani sana, hawatumii miezi."

"Siku ya milioni mbili?" Nathanieli alidakia kutoka mlangoni. "Hata Adamu hakuwa amezaliwa. Hiyo ni namba ya bunduki."

"Bunduki ngapi zina namba yenye nukta, Ta Nathanieli?"

"Wewe ndiwe utuambie. Na nakala zinakwenda ng'ambo kila mwezi, posta wamethibitisha. Mtu anafurahia giza la vita mbele ya kanisa, usiku anawasha taa nyekundu, mwisho wa mwezi anapeleka hesabu kwa wazungu. Kama huyo si mpelelezi, basi mimi ni askofu."

"Askofu angekuwa amenawa miguu," alisema Mwalimu kutoka gizani nyuma ya magunia. Joviana alitamani anyamaze.

Mujuni alifunga daftari. Alisema gari la usalama litatoka Bukoba Jumamosi kuwachukua watu wa kuhojiwa. Yeye si hakimu. Asipopata sababu ya kumbakiza Mwalimu, atampakia. Joviana alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba Novemba ile waliopakiwa walikuwa hawajarudi, na hakuna aliyethubutu kuuliza walipo.

Joviana alirudi nyumbani. Alipofika jikoni akakaa chini, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Akarudi mbio, kanga inamdondoka.

"Mtuweke mbali mbali," alimwambia Mujuni, akihema. "Yeye upande mmoja wa ghala, mimi upande mwingine, na mlinzi kila upande. Mchague nyota wenyewe kwenye daftari. Kila mmoja aandike namba yake kwenye karatasi, muifungue nyinyi. Kama ni uongo mtauona."

Mujuni alifungua tena daftari. "Nyota gani inaonekana bila hiyo darubini? Maana darubini simpi."

"Ile ya Kambale."

"Watakuwa wamepanga," alisema Nathanieli.

"Wamepanga lini? Tangu asubuhi yuko ndani." Mujuni aliinuka. "Usiku mbingu ikifunguka, tujaribu."

Mbingu haikufunguka. Jumanne usiku mvua ilinyesha. Jumatano ziwa lilituma mawingu mapya. Joviana aliketi mlangoni tangu magharibi, akitazama juu, akiingia, akitoka tena. Alhamisi pakatokea tundu moja upande wa mashariki. Akavaa viatu, na kabla hajamaliza kufunga kamba tundu likafumba. Akalala na viatu. Aliwaza gari lile linavyotiwa mafuta huko mjini, na dereva anavyoulizwa njia.

Zaidi ya mawingu, namba yenyewe ilimtesa. Alijua macho ya mumewe yalivyozeeka, na kwamba kwa nyota nyekundu siku hizi huona hafifu kuliko yeye. Alikumbuka namba zake za wiki iliyopita, akaweza kukadiria sasa angeandika ngapi. Tatu nukta tisa, pengine nne kamili. Kama angeandika tatu nukta tisa, huenda zingelingana sawasawa, na nani angethubutu kumpakia mtu ambaye namba yake imelingana? Ijumaa mchana, alipompelekea chakula, alijaribu kumwangalia machoni ili amwelewe.

Mwalimu alipokea sahani. Alikuwa ameota ndevu nyeupe ambazo Joviana hakujua kuwa anazo. Alisema kwa Kihaya, taratibu, mbele ya mlinzi, ambaye hakuwa Mhaya, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mlinzi asishuku: "Joviana, usinisaidie."

Saa mbili na nusu jioni ile mawingu yalipasuka, kama mtu aliyevuta shuka. Mujuni aliwatoa. Joviana alisimamishwa upande wa mashariki wa ghala, na kabla ya kupinda kona alimwona mumewe, kati ya mgambo wawili wenye bunduki, akivua kofia na kujifunika uso.

"Anafanya nini huyo?" aliuliza mmoja.

"Anasali," alijibu Mujuni. "Mwache amalize."

Joviana naye alifumba macho, ila sala haikufika mwisho. Alipofumbua, Kambale alikuwa amepanda nusu ya mbingu. Jirani mwangavu alikuwa pale, tatu nukta tano. Jirani hafifu alikuwa pale, nne nukta moja. Nyota yao ilikuwa katikati, nyekundu kama kaa la moto lililoachwa. Hakuikodolea, maana nyota nyekundu ukiikodolea hujiongeza. Aliigusa kwa jicho akaondoka, akagusa tena.

Ilikuwa karibu zaidi na yule mwangavu. Tatu nukta saba. Hakukuwa na shaka yoyote.

Kalamu ilikaa juu ya karatasi. Tatu nukta tisa ilikuwa mumewe kitandani kesho. Tatu nukta saba ilikuwa nini? Mlinzi alikohoa. Joviana alisikia mahali mbali mbwa akibweka, akaandika tatu nukta saba, akakunja karatasi upesi kabla mkono haujabadili nia.

Ndani ya ghala, mlango ulipofungwa na kandili kuwashwa chini ya ndoo iliyotobolewa, Mujuni alizifungua karatasi mbili juu ya mizani. Ya Joviana ilisema tatu nukta saba. Ya Mwalimu ilisema nne kamili.

"Haya," alisema Nathanieli. "Hata uongo wao haukuoana."

Joviana aliegemea magunia. Alikuwa amemuua mumewe kwa sehemu tatu za kumi. Mwalimu, upande wa pili, alikuwa akiitazama karatasi ya mkewe kwa hamu, kama mwanafunzi anayetaka kujua mwenzake amepata ngapi.

Mujuni alifungua daftari la bwana na daftari la bibi, akayaweka sambamba, akashusha kidole ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka. Ilichukua muda mrefu.

"Kiwandani," alisema hatimaye, "tulikuwa waonjaji wawili. Vikombe vilevile, kahawa ileile, kila mtu na karatasi yake. Mimi kikombe nakipa sita, mwenzangu ananipita nusu, kesho namshinda mimi. Siku alama zetu zilipolingana vikombe vyote, bwana mkubwa alituita akauliza nani kachungulia." Akafunga madaftari. "Tulikuwa tumechunguliana kweli. Mwenzangu alikuwa amelewa."

"Kwa hiyo?" aliuliza Nathanieli.

"Kwa hiyo hawa wanatazama kitu kimoja na wala hawachunguliani. Mama, ungeandika kama yeye, kesho ningempakia."

Joviana alikaa chini juu ya sakafu ya ghala.

Mwalimu alirudi nyumbani usiku uleule, kwa masharti. Darubini na madaftari vingebaki kwa Mujuni hadi vita viishe, na asitazame wala asiandike. Alitii. Mwezi wa kumi na mbili nyota ile iling'aa kuliko Joviana alivyopata kuiona, na Mwalimu alikaa ndani, mgongo kwa dirisha. Hata hilo halikumpa Joviana usingizi. Kilichomwondolea usingizi ni jinsi alivyokuwa karibu kumsaidia.

Vita viliisha, vitu vikarudi, lenzi moja imeota ukungu. Chama kiliandika kuuliza kuhusu miezi ile mitupu. Joviana alimsihi ajibu kwamba kulikuwa na mawingu, maana barua za ng'ambo zilifuatiliwa posta. Yeye aliandika: Nilizuiwa. Nyota ilikuwepo. Akatia kwenye bahasha mbele ya mkewe, akaenda mwenyewe posta.

Kuanzia hapo, miaka mitano, Joviana aliishi akisikiliza barabara. Landrova ikipunguza mwendo kwenye kona ya chini, mwiko ulisimama ndani ya chungu. Hapana gari lililopanda kwao. Hilo halikumtuliza; aliona kwamba bado tu halijafika. Mwalimu alimwona na hakumcheka.

Mwaka 1984 figo zilimlaza. Jioni moja ya masika, mkewe akimnywesha uji, injini ilisikika ikiteremka kutoka upande wa Kamachumu, ikapunguza mwendo, taa zikapita ukutani. Joviana aliweka kikombe, akaenda dirishani, akashika fremu kwa mikono miwili. Mwalimu aligeuza kichwa juu ya mto, akasikiliza naye mpaka gia ikabadilishwa.

"Rudi ukae," alisema. "Hilo si letu. Linaenda Muleba."