Mlango wa Hewa

Sisi tuliosoma shule za harambee kule juu ya Runyenjes tulifunga mlango kila siku kwa mwaka mzima kabla darasa letu halijapata mlango. Wewe wa rika langu unajua ninachosema. Uhuru ulikuwa mchanga, wazazi walikuwa na haraka ya elimu, na darasa likishapata kuta na mabati lilihesabiwa limekwisha. Mahali pa mlango palikuwa wazi, na mahali pa madirisha kuku wa jirani walipita bila kubisha hodi.

Lakini Kiingereza hakikungoja fundi. Mwalimu Njeru, aliyevaa tai hata siku ya kulima shamba la shule, alitufundisha kwa vitendo. Unaitwa mbele, unatenda, huku unatangaza unachotenda. “I am going near the window,” na unasogea karibu na lile tundu la dirisha. “I am closing the door,” na hapo unashika hewa pale ambapo kitasa kingekuwa, unaivuta taratibu, unarudi kuketi. Darasa linakupigia makofi matatu, pa, pa, pa. Hatukuwa na mzaha. Siku moja mwenzetu alitoka kwenda haja, akarudi na kupita moja kwa moja mlangoni, ilhali mlango ulikuwa umeshafungwa. Mwalimu alimrudisha nje akaufungue kwanza.

Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kufunga. Nilifunga wakati wa kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nilifunga nikienda mtoni, nilifunga nikiwa na kipande cha nduma baridi mdomoni. Nyumbani kwetu mlango ulikuwepo, wa mbao kabisa, lakini nilisimama mbele yake, nikasema Kiingereza changu, nikavuta hewa na kwenda zangu. Baridi ya mlima ikaingia yote. Mama alipiga kelele kutoka jikoni, “Funga huo mlango! Ama ulizaliwa sokoni?”

Basi ikatangazwa kwamba mkaguzi wa elimu atakuja, na kamati ya shule ikaona aibu. Kazi ya mlango akapewa baba yangu. Baba alikuwa fundi, ila sokoni walimtania kwamba viti vyake huchechemea kuliko wazee wanaovikalia. Mlango huo ndio ungemsafishia jina, na ukipendeza, kanisa lingempa kazi ya mabenchi. Alisema mbao za muringa zikauke kwanza. Kamati ikamjibu kwamba mkaguzi hangoji mbao. Baba akapiga randa jioni zote, akituambia, “Mlango mzuri husema neno moja tu: tap!” Na mwalimu akanichagua mimi niufunge mbele ya wageni, ili watu wote walisikie neno hilo.

Mvua ilinyesha usiku kucha kuamkia siku ya mkaguzi. Asubuhi mkaguzi, mtu mnene mwenye cheko la karibu, aliketi mbele. Baba alisimama ukutani na koti lake la Jumapili, akiutazama mlango wake uliokuwa wazi kama anamtazama bibi harusi. Nikaitwa. Nilisimama mlangoni, nikasema kwa sauti ya kufika Embu mjini, “I am closing the door!” Nikashika hewa. Nikaivuta vizuri sana. Nikarudi kuketi.

Pa, pa, pa! Darasa likapiga makofi. Mwalimu naye akapiga, mazoea yana taabu. Mlango wa baba ulibaki wazi vilevile, na mbuzi aliyengoja kuchinjiwa wageni akaingia kuona kuna nini.

Niliona mabenchi ya kanisa yakienda na maji. Kisha baba akatembea mwenyewe, akaushika mlango wa kweli na kuusukuma kwa bega.

Tap!

Neno moja tu, kama alivyosema. Baba akageuka akitabasamu, na mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shida ilikuja harufu ya wali ilipotuita nje. Mlango uligoma. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua, zikashika fremu. Mwenyekiti wa kamati alivuta mpaka kitasa kikabaki mkononi. Wote wakamgeukia fundi.

“Mlisema mnataka mlango wa kufunga,” baba akasema. “Si umefunga?”

Mkaguzi akaenda dirishani. Mwalimu Njeru alimsukuma kwa nyuma kwa heshima zote, na sisi, bila kuambiwa, tukaimba kwa pamoja, “He is going near the window!” Mgeni alikwama katikati, akacheka hadi machozi, akaapa kwamba hajapata kuona darasa linalotumia Kiingereza mahali pake hivyo. Mbuzi alitoka wa mwisho. Na baba akapewa mabenchi, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema mlango ule haukufunga.

Siku hizi naishi Makutano, Meru, na mjukuu wangu Kendi. Kiingereza chake kinateleza kama uji, lakini milango yote anaiacha wazi. Nikimkemea mimi bibi yake ananijibu, “Cucu, si kuna joto?” Joto, Meru, mwezi wa saba! Juzi tulitoka supamaketi moja mpya yenye milango ya vioo isiyo na kitasa. Nikasimama, nikageuka. Sijui nini kilinishika. “I am closing the door,” nikasema, nikanyoosha mkono, nikavuta hewa kidogo.

Mlango ukafunga.

Baada ya miaka yote hiyo, hewa ilinitii! Nikajipigia makofi yangu matatu, na Kendi akajifanya hanijui. Kisha nikabaki pale na mfuko wangu wa unga, nimetega sikio. Vile vioo vilikutana kimya kabisa, na nikagundua kwamba bado nangoja ile tap ya baba.