Mahindi Matamu ya Mzee Kahigwa

Ilikuwa mwaka 2019. Hapana, nimekosea, ni 2020, maana ndio mwaka ziwa lilipopanda likaingia hadi kwenye bustani za watu. Mwaka huo Mzee Kahigwa, mstaafu wa kiwanda cha pamba, alisimama mbele ya wanajumuiya wenzake pale Buhongwa akatamba kwamba zamu ya kusali kwake ikifika, watakula mahindi matamu aliyoyalima mwenyewe.

Akapanda mstari mmoja mrefu kando ya ukuta, kama maua. Yakarefuka, yakapendeza. Alipomenya la kwanza, punje nne huku, tatu kule.

"Mzee, rudi kwenu ukalime migomba," jirani yake Mayala akacheka hadi akashika ukuta. "Mahindi gani haya, vibogoyo?"

"Baba Gladness, zamu yetu tupike mihogo, yaishe," akasema Jovina, mkewe.

"Mihogo? Bora nihame!"

Bahati zamu ilikuwa bado miezi minne. Mzee akamenya yote, moja moja, na aibu yake. Shina moja tu ndilo lililojaa punje, lile la chini ya kamba ya nguo.

"Kwa nini hili?"

"Hilo si ndilo lililonichafulia vitenge na unga wa njano!" Jovina akang'aka. "Kila nikianika, upepo unavipigiza kwenye mbelewele zake kule kileleni, unga unamwagikia nywele za hindi."

Mzee akapiga makofi peke yake.

Safari hii akapanda mistari minne iliyosogeleana. Mbelewele zilipotoa unga, kila asubuhi akapita akizitikisa juu ya nywele za mahindi.

"Shikamoo mzee. Unayasalimia?" Mayala akachungulia.

"Marahaba. Nayafungisha ndoa."

Siku ya zamu yalichumwa asubuhi hiyohiyo, yakaingia sufuriani. Baada ya sala Mayala akaligeuza lake mara mbili, anatafuta pengo. Wapi! Akang'ata, utamu ukamchuruzika kidevuni. Akachukua la pili bila kukaribishwa. La tatu akaomba na mbegu. Jovina akapiga kigelegele, nyumba nzima ikaitikia.

Mzee akasimama na hindi bichi, akalimenya polepole nywele zisikatike. Kila unywele umefika hadi kwenye punje yake, peke yake. Akauliza swali ambalo hadi leo hajajibiwa, maana siku ile kila mdomo ulikuwa umejaa:

"Jamani, unga nimemwaga mimi, ovyo tu. Sasa kila unywele umeijuaje punje yake?"